Tate Liverpool: Wakarabati, ila wasilisahaulishe ghala kwamba lilikuwa ghala

Kuna staa wetu mmoja, jina kapuni, juzi alitupia picha akiwa Uingereza, amepozi kwenye nguzo nene nyekundu kando ya maji. Watu wakamwaga makopakopa, wengine wakauliza ni hoteli gani. Sio hoteli jamani. Hiyo ni Albert Dock, Liverpool, na moja ya maghala yale ndilo jumba la sanaa la Tate Liverpool, lililofungwa Oktoba 2023 kwa ukarabati mkubwa.

Gati lile lilifunguliwa 1846. Chuma, matofali na mawe tupu, mbao hakuna, ili moto usipate pa kushika. Mle ndani vililala pamba, sukari, tumbaku, chai, mpaka pembe za ndovu. Baadaye meli zikawa kubwa, gati likawa dogo, 1972 likafungwa na tope likajaa. Tate iliingia 1988, kazi ya usanifu ikafanywa na James Stirling.

Wanaotaka jengo lisiguswe kabisa siko nao. Dari zile ziliwekwa kwa ajili ya marobota, sio kwa sanaa za leo zinazotaka nafasi ya kupumua. Mwanga uingie, milango itazame maji, poa tu.

Kinachonikera ni sukari. Hilo jina Tate ni la Henry Tate, muuza duka wa Liverpool aliyetajirika kwa kusafisha sukari. Alizaliwa 1819, kwa hiyo Waingereza wanapopitisha sheria ya kufuta utumwa kwenye makoloni yao, 1833, yeye bado kijana mdogo. Hakuwa na watumwa. Sawa. Ila biashara ya sukari ilisimama kwa jasho la nani? Na ile pamba ya Marekani, mwaka 1846, ilikuwa inachumwa na nani?

Utaambiwa hayo yana makumbusho yake, Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa, yaliyofunguliwa 2007 palepale gatini. Yaani machungu yakae kwa jirani, sisi huku tunywe kahawa tutazame michoro? Hapana bwana.

Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar, mwanamke mweusi wa kwanza kushinda Turner Prize (2017, na wengi wetu wala hatukupiga kelele), ana kazi ya mwaka 2004 inayoitwa Naming the Money. Ni sanamu bapa 100 za rangi, za kimo cha mtu, za watumwa waliotumikishwa majumbani Ulaya, na kila mmoja kapewa jina lake na kazi yake. Hebu fikiria unaingia ghala la sukari, unapokewa na hao.

Kazi za namna hiyo ziwe ukumbi wa mbele, sio kona ya mwezi mmoja kwa mwaka. Na ukuta mmoja uachwe na matofali yake wazi, wabandike kibao: hapa kililala nini, na nani alikilima.