Katuni Zetu Zimeishia Kufungia Nyama

Wasomaji wangu, leo tuweke seva na hifadhidata kando kidogo. Kuna swali ninaloulizwa kila mara na watu wanaojua kuwa nakusanya katuni: nianze na ipi? Jibu langu halijabadilika. Anza na mfululizo mrefu, tena ununue majuzuu, usihangaike na toleo moja moja. Shida ni swali linalofuata: na za Kenya je, nianze na ipi? Hapo nakuna kichwa. Si kwamba hatujachora. Tumechora sana, tena vizuri. Lakini tulichochora kimeishia kufungia nyama na mandazi.

Kwa asiyejua tofauti, katuni ndefu hutoka vipande vipande, kila wiki au kila mwezi, kwenye karatasi ya bei rahisi. Juzuu hupatikana pale mchapishaji anapochukua vipande hivyo, akavipanga kuanzia cha kwanza, akavitia jalada na kuandika namba mgongoni mwa kitabu. Ninyi mnaoandika programu mtanielewa haraka: toleo la mwezi ni kama badiliko moja unaloingiza kwenye Git. Juzuu ni lile toleo rasmi unalolipa namba na kumkabidhi mteja. Hakuna anayempa mteja mabadiliko mia mbili yaliyotawanyika kwenye laptopu za watu kumi kisha akamwambia ajipangie mwenyewe. Lakini katuni zetu tumezikabidhi hivyo hivyo.

Wajapani walilimaliza jambo hili zamani. One Piece ilianza Julai 1997 katika jarida la kila wiki la Shonen Jump. Jarida lenyewe ni karatasi duni, watu hulisoma kwenye treni na kulitupa, na hakuna anayelia. Kwa nini? Kwa sababu baada ya miezi michache sura zile zile zinarudi dukani kama juzuu dogo la bei ya mtu wa kawaida. Sasa majuzuu yamepita 100. Mtoto aliyezaliwa miaka kumi baada ya hadithi kuanza anaweza kuingia dukani leo na kuanza juzuu la 1, ukurasa wa 1.

Wamarekani nao, katuni ya gazetini ya Peanuts ilianza Oktoba 1950 na kuisha Februari 2000, vipande 17,897. Kati ya 2004 na 2016 kampuni ya Fantagraphics ilivichapa vyote kwa mpangilio wa tarehe, miaka miwili katika kila juzuu. Na Jeff Smith, aliyetoa Bone kwa matoleo 55 kuanzia 1991 hadi 2004, aliufunga mfululizo wote katika kitabu kimoja cha kurasa zaidi ya 1,300. Ukikiangusha mguuni utachechemea wiki nzima, lakini hadithi haina pengo.

Mfano unaonikera kuliko yote ni wa Ubelgiji. Tintin ilianza Januari 1929 kwenye kijarida cha watoto kilichotoka ndani ya gazeti. Safari yake ya Kongo ilichapishwa gazetini 1930 na 1931, ikawa kitabu 1931, ikachorwa upya 1946. Mnajua Wakongo wamechorwaje mle ndani. Kesi ilifunguliwa Brussels 2007 ya kutaka kitabu hicho kizuiwe, na 2012 mahakama ikakataa. Sitaki kuingia kwenye kesi hiyo. Ninachotaka uone ni hiki: mzaha wa Mbelgiji juu ya Mwafrika, uliotoka kwenye gazeti la watoto, uko hai karibu miaka mia moja baadaye kwa sababu mtu aliutia jalada. Alichochora Mwafrika juu yake mwenyewe, kwa utani wake na kwa lugha yake, utakitafuta bila kukiona. Jameni, hilo haliwaumi?

Tuje nyumbani. Jarida la Joe lilianzishwa Nairobi 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, likafa 1979. Nairobi ya miaka ile imo mle: bosi, karani, baa, mwisho wa mwezi mfuko mtupu. Juha Kalulu wa Edward Gitau alianza miaka ya 1950 na kuwachekesha wasomaji wa magazeti ya Kiswahili kwa miongo mingi. Uliza mzee yeyote wa Kaloleni au Maringo, atacheka kabla hujamaliza kulitaja jina. Kisha mwambie akuonyeshe vipande hivyo. Atakuonyesha kichwa chake tu, ndimo vilimobaki.

Halafu kuna Shujaaz, na hii ni ya kizazi changu. Ilianza Februari 2010, kurasa 32, kwa Sheng, bure. Ilikuja pamoja na gazeti la Nation na kupitia vibanda vya M-Pesa, nakala zaidi ya nusu milioni kwa mwezi. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Boyie, kijana aliyemaliza shule akakosa kazi, akaunda redio yake ya siri akiwa chumbani, alikuwa mtu wa kwanza niliyemwona kwenye karatasi akifanya jambo la kitekinolojia huku akiongea kama watu wa ploti yetu. Maria Kim, Malkia, Charlie Pele, tuliwajua kama majirani. Well Told Story, kampuni iliyoianzisha, ilipata tuzo ya kimataifa ya Emmy 2012, na tena 2014. Ulimwengu ulipiga makofi. Na nakala zile nusu milioni? Toleo moja lilisomwa na ploti nzima hadi likachakaa, kisha likaenda njia ya magazeti yote: bucha, kibanda cha mandazi, na kwingine nisikokutaja.

Fanya hesabu nami. Kurasa 32 mara miezi 12 ni kurasa 384. Hilo ni juzuu moja safi kwa kila mwaka. Nimezunguka maduka ya vitabu ya mjini na kwa wale wauzaji wa kuinama wa barabarani, na sijawahi kuona mgongo wa kitabu ulioandikwa Shujaaz, Juzuu la 1.

Mtu ataniuliza, kwani ni nini, si ni katuni tu? Hapa ndipo hasira yangu ilipo, kwa hivyo nisikilize vizuri.

Sheng imekulia huku kwetu Eastlands, na haisubiri mtu. Baada ya uchaguzi wa 1992 noti ya mia tano iliitwa jirongo. Mwambie kijana wa Kayole leo akukopeshe jirongo uone atakavyokukodolea macho. Matatu kali iliitwa manyanga, leo ni nganya. Kila mtaa una yake na kila miaka michache inageuka. Kamusi ya Sheng huzeeka kabla wino haujakauka. Ila kulikuwa na chapisho moja lililoandika Sheng kila mwezi, mwezi baada ya mwezi, likiwa na tarehe juu ya jalada na picha pembeni ya kuonyesha nani anamwambia nani, kwa sauti gani, akiwa amevaa nini. Katika kazi yangu kitu kama hicho tunakiita historia ya mabadiliko, na programu isiyo nayo hakuna anayethubutu kuigusa. Shujaaz ikipotea, hatupotezi hadithi za Boyie pekee. Tunapoteza jinsi vijana wa Nairobi walivyoongea mwaka wa 2010, 2011, 2012, kwa mpangilio. Hakuna seva itakayoturudishia.

Najua majibu mtakayonipa. Wacha niyapitie.

La kwanza: "Si iko mtandaoni?" Hili nalisikia zaidi kutoka kwa watengenezaji programu wenzangu, watu wanaofaa kujua zaidi. Faili iliyo kwenye seva ya mtu mwingine ni ahadi, haijawa hifadhi. Adobe waliacha kuihudumia Flash mwisho wa 2020, na kila katuni iliyojengwa juu yake ikafunga macho siku moja. JManga, duka la katuni za Kijapani, lilifungwa 2013 na walionunua kwa pesa zao wakaambiwa hawatazisoma tena. Amazon waliimeza comiXology, na mwisho wa 2023 programu yake ikazimwa, kila mtu akasukumwa Kindle. Hizo ni kampuni zenye pesa kuliko serikali nyingi. Wewe unaniambia nitegemee ukurasa ambao bili yake ya mwaka inalipwa na mradi fulani hadi bajeti iishe? Nakala iliyo kwenye rafu huko Umoja haihitaji nywila, wala bando, wala Kenya Power.

La pili: "Ile ilikuwa kampeni ya wafadhili, ya kufundisha vijana." Ndiyo, pesa za wafadhili zilikuwemo, na mafunzo ya kilimo, afya na kura yalikuwemo. Na hapo ndipo tulipokosea kama nchi. Tuliihesabu kama mradi. Mradi ukiisha unaandika ripoti, unapima watu wangapi walibadili tabia, unafunga faili. Hakuna ripoti inayouliza kama hadithi itasomwa tena. Lakini mtoto wa Dandora aliyekuwa akisubiri Jumamosi hakuwa anasubiri ujumbe. Alikuwa anataka kujua Boyie atashikwa au hatashikwa. Kwa msomaji hiyo ilikuwa fasihi, na fasihi inastahili jalada.

La tatu: "Nani atanunua?" Sasa Sema ilianza hapa Nairobi 1996 na kuchapa katuni kama vitabu kamili, mojawapo ikiwa Abunuwasi ya Gado. Nikibahatika bado naikuta kwa wauzaji wa kuinama. Imepita mikono mingi, ina jina la mtoto wa shule fulani ndani ya jalada, lakini inasomeka yote. Hiyo ndiyo tofauti ya kitabu na karatasi. Tena soko si watu tu. Kuna maktaba za Kaloleni na Makadara, zilizofufuliwa miaka hii na Book Bunk, na kuna maktaba ya taifa Buruburu. Seti moja katika kila moja ya hizo, na mtoto asiye na shilingi anasoma kuanzia toleo la 1.

La nne linatoka kwa wakusanyaji wenyewe, wale wa kuweka toleo moja kwenye mfuko wa plastiki na kulipiga picha. "Toleo la kwanza ndilo la kweli, juzuu ni marudio." Kaka, hiyo sasa ni biashara ya hisa, haina uhusiano na kusoma. Weka plastiki yako. Sisi wengine tunataka kujua hadithi iliishaje.

Basi, kwa anayetaka kuanza leo, haya ndiyo mapendekezo yangu:

1. Chagua mfululizo uliokwisha. Bone ni mwanzo mzuri kwa nyumba yenye watoto. Sandman ya Neil Gaiman, matoleo 75 kati ya 1989 na 1996, nayo ilikwisha na imekusanywa yote. Iache kwa watu wazima.

2. Nunua juzuu la 1 peke yake. Likikushika, rudi. Usinunue seti ya majuzuu ishirini kwa sababu ilikuwa na punguzo.

3. Angalia namba za matoleo kwenye ukurasa wa hakimiliki. Majuzuu mengine huruka matoleo, na utajua tu ukiwa katikati.

4. Jalada laini linatosha. Jalada gumu ni zuri kwa rafu, lakini kwenye matatu ya Donholm ni tofali.

5. Ukiona katuni yoyote ya Kenya, Uganda au Tanzania yenye mgongo wa kitabu, inunue hapo hapo. Usiseme utapita kesho.

6. Kama una matoleo ya Shujaaz au Joe chini ya kitanda, yapange kwa tarehe, orodhesha yaliyopo na yanayokosekana. Lahajedwali moja tu. Kuyapiga picha na kuyachapa upya ni kazi ya mwenye haki: Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inailinda kazi ya mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baadaye. Lakini mwenye haki akija kutafuta toleo lililopotea, wewe ndiye utakuwa nalo.

Na kwa wenye haki hizo, iwe kampuni, gazeti au familia ya mchoraji, ombi langu ni moja. Ifunguliwe ile diski ya zamani mngali mna mtu anayejua iko kabati gani na programu inayoweza kuzisoma faili zake. Mwaka mmoja, juzuu moja, kwa mpangilio, na tarehe juu ya kila toleo. Rangi ikiwa ghali, chapeni nyeusi na nyeupe, Wajapani hufanya hivyo na hakuna aliyekufa. Chapeni nakala mia tano za kwanza. Moja tayari ina mwenyewe, yuko Umoja, na pesa ameshatenga.