Kiroba chako mpakani: ni nguo au ni plastiki?



Mfanyabiashara mmoja wa kata yangu alinunua marobota ya viroba vya mahindi upande wa pili wa mpaka. Kwenye ankara muuzaji aliandika maneno mawili tu: "mifuko plastiki". Mzigo ukakaa mpakani siku nne. Aliyeukagua alitaka kujua kwanza kama ni mifuko ya kubebea iliyopigwa marufuku nchini kwetu tangu Juni 2019. Katazo lile haligusi vifungashio vya kilimo, lakini hilo lilihitaji maelezo, na mwenye mzigo hakuwa nayo. Huku kijijini mahindi yalikuwa yamelala kwenye maturubai na mawingu yametanda.

Wengi mtashangaa nikisema kwamba kwa sheria ya forodha kiroba cha kawaida, hiki cha salfeti, huhesabiwa pamoja na nguo. Mfumo wa kimataifa wa namba za bidhaa unapima upana wa ule utepe uliofumiwa. Utepe usiozidi milimita 5 ni uzi, na gunia lake linaingia namba 6305.33. Ukizidi milimita 5 ni plastiki, na gunia linahamia 3923. Kwa hiyo chomoa utepe mmoja, uweke kwenye rula. Pima upana unaoonekana, hata kama utepe umekunjwa. Gunia lililopakwa plastiki juu yake mwambie wakala wako mapema, maana hapo hesabu inaweza kubadilika.

Namba ina uzito kwa sababu ndiyo inayobeba ushuru. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya 0, 10, 25 na, tangu Julai 2022, 35 kwa mia, na zipo bidhaa chache zenye kiwango cha juu zaidi. Mzigo uliotengenezwa ndani ya Jumuiya ni habari nyingine: kama uko kwenye orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000, ombeni cheti rahisi cha uasili wa bidhaa palepale mpakani. Watu wanakipita bila kukiuliza.

Kwenye vitambaa ndiko kwenye uongo mwingi. Kitambaa cha mchanganyiko hupewa jina la uzi uliozidi kwa uzito. Polista 60 na pamba 40 ni polista, hata robota likiandikwa "pamba" kwa herufi za dhahabu. Vikilingana kabisa, namba iliyo mwisho kwenye orodha ndiyo inayoshinda, na sintetiki ziko nyuma ya pamba. Choma uzi mmoja: pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Moto hautakupa asilimia, ila utakuonyesha kama umedanganywa.

Hapa nina neno na sisi maafisa ugani. Tunafundisha nafasi za kupandia na dawa za viwavi, halafu ya mpakani tunasema si kazi yetu. Nami nimewahi kusema hivyo. Lakini polista ikipita kwa jina la pamba, anayeshindana nayo bila kujua ni mkulima wa pamba wa Bariadi na Maswa. Kamba ya plastiki na kamba ya katani nazo zina namba tofauti ndani ya 5607, na mkulima wa katani wa Korogwe ana haki tofauti hiyo iheshimiwe.

Kwa hiyo usipokee ankara isiyotaja malighafi. Idai iandikwe: "magunia ya kufumwa ya polipropilini, utepe usiozidi milimita 5, ya kufungashia nafaka", pamoja na idadi, uzito na nchi yalikotengenezwa. Muuzaji akigoma, tafuta mwingine.

Anayetaka kupimiwa aje ofisini na kiroba kimoja kabla hajalipia mzigo. Rula ninayo.