Mtaalamu wa Meno Atoke Nyuma ya Koleo



Wengi wetu tulilelewa tukimjua mganga wa meno kuwa mtu wa koleo. Ulimwendea jino lilipokwisha kukunyima usingizi siku tatu, akaling'oa, ukarudi nyumbani umeshika shavu, mkaagana hadi jino jingine litakapooza. Hakukuuliza unakula nini, wala hakumtazama mtoto uliyembeba. Kazi hiyo imebadilika. Lakini badiliko lenyewe halijatembea hadi kwenye mizani ya kliniki za vijijini, na wanaolipia ucheleweshaji huo ni watoto wachanga.

Tunasema juu ya yale yaitwayo "meno ya plastiki" au "meno ya nailoni". Imani hii ilienea katika mikoa mbalimbali ya Tanzania tangu miaka ya 1980, nayo inajulikana pia Uganda, Kenya, Sudan na Ethiopia. Mtoto akiharisha na kupata homa, hufunuliwa ufizi, na pale yatakapoota machonge huonekana uvimbe mweupe, laini. Husemwa kwamba hilo ndilo jino la ugonjwa. Basi huitwa mtu wa kulichimbua kwa kisu au kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, bila ganzi.

Akina mama hawa si wajinga. Uvimbe upo kweli: ni chonge la utoto ambalo halijakomaa, nalo huonekana ufizini mapema, ingawa jino lenyewe huota mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi. Kuharisha nako kupo kweli. Kuanzia mwezi wa sita mtoto huanza kupewa uji na maji, hutambaa, na kila aokotacho hukitia kinywani. Ndipo vijidudu vimwingiapo. Mambo mawili yakikutana katika mtoto mmoja, ni rahisi kulidhania moja kuwa chanzo cha jingine. Na kwa kuwa watoto wengi walioharisha hupona baada ya siku chache hata wasipochimbuliwa kitu, mchimbaji hujipatia sifa asiyoistahili.

Asiyepona ndiye anayetuhuzunisha. Mtoto aliyehitaji maji ya chumvichumvi, vidonge vya zinki na ziwa la mama, au kupimwa malaria siku ile ile, hupewa jeraha. Huweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda, au kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa chombo kilichokwisha kutumika kwa wengine. Akinusurika, chonge la ukubwani lililojificha jirani huweza kuharibika, na hilo litajulikana atakapofikia miaka kumi na mmoja hivi, kila mtu akiwa amesahau.

Ni nani basi amjibu mama huyu? Mgambo hawezi, na mahubiri peke yake hayatoshi. Anayefaa ni mtu ajuaye kinywa. Mtaalamu wa meno wa leo hufundishwa kuusoma mwili mzima kwa kupitia kinywani: fizi zinazougua mara kwa mara huweza kufichua kisukari, utando mweupe ulimini huweza kuwa dalili ya upungufu wa kinga, na kidonda cha mdomoni kisichopona kwa majuma matatu si cha kungojewa. Wala mashine si kisingizio. Katikati ya miaka ya 1980, hapa hapa Tanzania, wataalamu akiwamo Mholanzi Jo Frencken walionyesha kwamba jino bovu laweza kukwanguliwa kwa vyombo vya mkono na kuzibwa pasipo umeme. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza njia hiyo tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, iliyokuwa na mada ya afya ya kinywa mwaka huo. Inashangaza kwamba jambo lililoanzia kwetu liwe geni kwetu.

Kwa kawaida zahanati ya kijiji haina mtaalamu wa meno. Yeye hupatikana kituo cha afya au hospitali, na mzazi wa Gorong'a hudaiwa nauli kwanza. Mchimbaji hadai nauli. Hapo ndipo suala hili linapokuwa la haki, wala si la elimu tu.

Hatuombi jengo jipya. Tunaomba siku moja kila mwezi, siku ya kupima watoto uzito, mtaalamu wa meno wa wilaya aketi karibu na mizani, na awaonyeshe akina mama ufizi wa mtoto mzima asiyeumwa, wenye uvimbe ule ule. Hoja hiyo ni nzito kuliko hotuba zetu zote. Bibi na mama wakwe waalikwe pia, kwani mara nyingi wao ndio huamua mchimbaji aitwe. Na mchimbaji mwenyewe asiachwe nje.

Viongozi wa jumuiya ndogo ndogo walipeleke ombi hili katika Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla halmashauri haijapanga bajeti yake, na nauli ya mtaalamu ijadiliwe katika kikao hicho hicho.