Daftari la Wiki: Nyuzi za Ndani ya Nyumba

Muziki uliotungwa Uingereza katika karne ya 17 kwa ajili ya viola da gamba na ogani haukuhitaji hadhira, kwa kuwa uliandikiwa wapigaji wenyewe, watu wanne hadi sita walioketi chumbani, kila mmoja akifuata sauti yake huku akitega sikio kwa jirani. Viola hiyo ina nyuzi sita za utumbo, hupigwa kwa upinde na hubanwa miguuni, ndiyo maana ikaitwa gamba, neno la Kiitaliano lenye maana ya mguu, lisilo na udugu wowote na gamba la samaki. Nyumba yenye uwezo iliweka sanduku zima la viola, kwa kawaida mbili ndogo, mbili za wastani na mbili kubwa, pamoja na ogani ndogo, yaani kinanda cha mabomba kinachopata upepo kwenye mivukuto, iliyozibeba sauti za nyuzi kutoka chini zisitawanyike.

Mwaka 1644 Bunge la Uingereza, likiwa vitani na Mfalme Charles I, liliamuru ogani ziondolewe makanisani, lakini muziki wa majumbani ukaendelea. William Lawes, ambaye vipande vyake vya viola na ogani vina migongano ya sauti inayoshtua hadi leo, aliuawa karibu na Chester mwaka 1645 akimpigania mfalme. John Jenkins (1592–1678) alidumu kwa kuishi katika nyumba za mabwana wa mashambani, akitunga na kufundisha. Roger North, mwanafunzi wake, aliandika baadaye kwamba wengi waliona heri kubaki ndani na nyuzi zao kuliko kutoka nje wakapasuliwe vichwa, hoja isiyohitaji kufafanuliwa kwa mkazi wa Burungu, huko Masisi, eneo la vita mashariki mwa Kongo.

Neno kinanda, tulilolitumia hapo juu kuieleza ogani, nalo limehama: zamani katika pwani ya Waswahili lilitaja chombo cha nyuzi, na leo mwanakwaya akilitamka humaanisha kibodi ya kanisani.

Katika nchi za Maziwa Makuu, aliye jirani wa viola kwa tabia ni inanga, ambayo Washi wa Kivu huiita lulanga: ubao uliochongwa kama sinia, ukapitishiwa uzi mmoja mrefu huku na huko. Haina upinde wala haina nguvu, na nchini Burundi mpigaji huinong'onea badala ya kuiimbia, hata anayetaka kusikia hana budi kusogeza kigoda.