Megapikseli 45, kadi moja

Nikon ilipotangaza kamera zake zisizo na kioo, Z7 na Z6, tarehe 23 Agosti 2018, ilikuwa na mengi ya kujivunia. Kampuni iliyoshikilia kiungio kimoja cha lenzi, kile cha F, tangu 1959, ilikuwa imethubutu kuunda kipya chenye upana wa milimita 55, kinachoruhusu lenzi za aina ambayo kile cha zamani kisingeweza kuzibeba. Z7 ilikuwa na megapikseli 45.7 na mtambo wa kutuliza mtikisiko ndani ya bodi yenyewe. Hata hivyo, wapiga picha wengi, hasa wa harusi, waling'ang'ania jambo moja: kamera ya karibu dola 3,400 ina tundu moja tu la kadi.

Wako waliowaita walalamishi. Mimi nasema walikuwa na haki, na inafaa kueleza kwa nini, kwa sababu mabishano hayo hurudi kila kamera mpya inapotoka, na mara nyingi wanaobishana hawafanyi kazi moja.

Anayepiga picha za milima na fukwe aliipokea Z7 kwa furaha ya kweli. Bodi yake ina uzito wa gramu 585, wakati D850, kamera ya kioo ya kampuni hiyohiyo iliyotoka 2017, ina gramu 915. Kwa mtu anayepanda mlima na begi mgongoni tofauti hiyo ni kubwa. Picha ya pikseli 8256 kwa 5504 inachapishwa kwa upana wa sentimita 70 hivi bila kupoteza hata chembe. Na kadi ikimharibikia leo, mlima utakuwepo kesho. Sifa alizozitoa zilikuwa za haki, lakini zilitoka kwa mtu asiyedaiwa chochote na mtu mwingine.

Mpiga picha wa harusi anadaiwa. Amepokea malipo ya awali, ameahidi, na nikahi inafungwa kwa dakika chache tu. Bibi aliyeletwa kutoka kijijini akae mbele huenda asiwepo mwaka ujao. Hakuna fidia ya fedha inayoirudisha picha yake. Mtu wa namna hii, akiisoma orodha ya sifa za kamera, hatafuti kwanza megapikseli. Anatafuta mahali ambapo picha itaandikwa mara mbili kwa wakati mmoja. Tena D850, yenye megapikseli zilezile 45.7 na bei iliyokuwa chini kwa dola 100, ilikuwa na matundu mawili. Alichoona ni kwamba anaombwa aongeze pesa ili apunguziwe usalama.

Hoja iliyotolewa sana dhidi yao ilikuwa kwamba enzi za filamu kila kamera ilikuwa na mkanda mmoja, na harusi zilipigwa. Hoja hii inavutia, lakini ukiipigia hesabu inaanguka. Mkanda wa filamu ulikuwa na picha 36. Ukiungua, zimepotea 36, na mikanda mingine iko salama mfukoni. Kadi ya 64GB kwenye Z7 inabeba mamia ya picha ghafi, na zikibanwa zinafika elfu moja au karibu na hapo. Harusi nzima, tangu bibi harusi anapopambwa hadi keki inapokatwa, inaweza kukaa kwenye kipande kimoja kisichozidi ukubwa wa kiberiti.

Hoja ya pili ilikuwa nzito zaidi: kadi za XQD, ambazo Z7 inazitumia, ni imara kuliko SD, na ni nadra kuharibika. Ni kweli ni imara. Lakini kuharibika ni njia mojawapo tu ya kupoteza picha. Kadi huibwa pamoja na begi. Huanguka ukumbini. Hufutwa kwa bahati mbaya saa nane za usiku na mtu aliyechoka. Matundu mawili humpa mpiga picha nafasi ya kuondoka ukumbini na kadi moja, msaidizi wake akaondoka na nyingine. Uimara wa kadi hausaidii chochote hapo.

Si kila lalamiko la wakati ule naliunga mkono. Betri ililaumiwa kwa sababu kipimo cha CIPA, kile cha kawaida cha kulinganisha betri za kamera, kiliipa picha 330, dhidi ya 1,840 za D850. Matumizi halisi huzidi sana kipimo hicho, na betri ya akiba inatosha mfukoni. Betri ikiisha kazi inachelewa tu.

Lililostahili kelele zaidi ni la lenzi za zamani. Adapta ya FTZ, inayofungia lenzi za kiungio cha F kwenye kamera hizi mpya, haina mota, kwa hiyo lenzi za AF-D, zinazotegemea mota ya kamera, hazilengi zenyewe. Lazima uzungushe kwa mkono. Mpiga picha wa Dar es Salaam au Mombasa aliyejikusanyia lenzi hizo kidogo kidogo kwa bei ya mtumba angelazimika kuanza upya. Nadhani jambo hilo halikupewa uzito wake kwa kuwa wenye sauti kubwa katika mijadala hii wanaishi mahali ambapo lenzi mpya hupatikana kirahisi.

Oktoba 2020 Nikon ilitangaza Z7 II. Megapikseli zilibaki 45.7, bei ikashuka hadi karibu dola 3,000, na matundu ya kadi yakawa mawili. Miaka miwili ya katikati ilikuwa ya wateja waliobaki na D850 au kuhamia Sony, ambayo A7R III yake ya 2017 tayari ilikuwa na matundu mawili.

Kwa hiyo wewe unayepanga kununua kamera, iwe mpya dukani au ya mkononi kwa mtu, jiulize kwanza picha utakazopiga ni za nani. Ikiwa ni zako, chagua uitakayo. Ikiwa umelipwa kutunza siku ya mtu mwingine, chukua yenye matundu mawili hata kama megapikseli zake ni 24, andika kwenye kadi zote mbili tangu picha ya kwanza, na usiziweke kwenye begi moja wakati wa kurudi nyumbani.