Staa Ana Jina, Aliyeshika Kamba Hana

Karatu kuna mshikaji mmoja, dereva wa watalii, ambaye wenzake wanamwona kama kachanganyikiwa. Msimu ukikaa vizuri na bakshishi za wageni zikiingia, wenzake wanaongeza tofali kwenye kiwanja au wanabadilisha simu. Yeye anaagiza picha za zamani za sinema. Siyo kopi za kuprinti stationery, ni zile zenyewe za karatasi, ambazo kampuni za filamu zilikuwa zinawatumia wahariri wa magazeti ili filamu iandikwe. Bahasha ikifika kutoka Italia, anaifungua taratibu kama mtu anayefungua matokeo ya kidato cha nne.

Juzi kati kaweka moja kwenye status, wana wakamshukia. Mmoja akamuuliza kama kweli ananunua mzungu wa miaka ya 60 kwa hela ya bati. Mwingine akamwambia huo ni ukoloni uliotiwa fremu. Maneno makali, ila yote mawili yanastahili jibu.

Tuanze na picha yenyewe. Inatoka kwenye Hatari!, filamu ya Howard Hawks iliyopigwa kaskazini mwa Tanganyika kabla bendera ya Uhuru haijapanda 9 Desemba 1961, ikatoka 1962. Ndiyo, Hollywood nzima iliita filamu yake kwa neno la Kiswahili, na alama ya mshangao juu yake. John Wayne yumo. Hardy Krüger, Mjerumani, yumo pia, na baada ya kazi hakuondoka moja kwa moja: alinunua shamba Momella, chini ya Mlima Meru. Na yumo Elsa Martinelli, Mwitaliano, ambaye mwaka 1956 alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike kwenye tamasha la Berlin kwa filamu ya Donatella. Humu anaigiza mpiga picha anayeishia kulea ndama watatu wa tembo hadi anapewa jina la Mama Tembo.

Hapo ndipo Waitaliano wanapoingia kwenye hadithi ya mshikaji wa Karatu. Kwao kukusanya vitu hivi ni utamaduni kabisa. Wana hata jina la yale makaratasi makubwa ya rangi yaliyokuwa yanabandikwa mlangoni mwa ukumbi kukuvuta uingie: fotobusta. Ni Waitaliano hao hao waliotupa neno paparazi, kutoka kwa mhusika mmoja wa La Dolce Vita ya Fellini, mwaka 1960. Kwa hiyo mtu wa Roma mwenye kabati la picha za Martinelli haonekani kichaa. Mtu wa Karatu akiwa nalo, tayari anahitaji maombi.

Sasa geuza picha. Nyuma kuna kikaratasi kilichogundishwa, kimepauka, chenye maelezo ya kumsaidia mhariri: jina la filamu, jina la kampuni, jina la staa. Rudi mbele. Staa anacheka, ndama wa tembo yuko pembeni yake, na upande wa kushoto kuna mwanaume Mwafrika, kaptula na shati la kazi, ameshika kamba. Kamba hiyo ndiyo inayomzuia tembo asimkanyage staa. Ukisoma kikaratasi mara tatu, huyo bwana hayupo. Hajatajwa hata kama "msaidizi".

Na siyo picha hiyo tu. Kazi ya picha za aina hiyo ilikuwa kuuza tiketi, na tiketi iliuzwa na sura inayojulikana. Mwenyeji alikuwa sehemu ya mandhari, kama mlima na mbuga. Hakuna aliyekaa kikao aamue kumfuta. Hakuandikwa tu, basi, na miaka sitini baadaye matokeo ni yale yale.

Madereva wa Karatu wanaijua tofauti hii vizuri kuliko mtu yeyote, kwa sababu wanaipita kila wiki. Ukivuka geti la Ngorongoro na kupanda hadi ukingo wa kreta, kuna mnara wa kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyekufa Januari 1959 kwa ajali ya ndege, ile ndogo iliyopakwa milia ya pundamilia, akiwa anatengeneza na baba yake filamu ya Serengeti Haitakufa. Filamu ikachukua Oscar. Baba, Bernhard, alipofariki 1987, majivu yake yakaletwa hapo hapo. Wageni wanashuka kwenye gari, wanasoma majina, wanapiga picha. Heshima yao, walifanya kazi. Lakini mwaka huo huo wa 1959 Wamaasai waliondolewa Serengeti wakahamia upande wa Ngorongoro, na ukitafuta majina yao kwenye picha za zama hizo utachoka.

Kwa hiyo anayesema "huo ni ukoloni" hajakosea. Anakosea anapotaka picha itupwe. Fikiria familia ya kijijini ya mwaka 1960: kamera ilikuwa ya nani? Inawezekana kabisa picha hiyo ya kuuzia tiketi ndiyo picha pekee iliyopo duniani ya babu wa mtu akiwa kijana. Ukiichana, Martinelli hapotezi kitu, ana picha nyingine nyingi tu. Anayepotea mara ya pili ni aliyeshika kamba.

Ila na mshikaji naye asipewe maua yote. Mkusanyaji akiishia kumpenda staa na kuifungia picha kwenye plastiki, atakuwa amefanya kile kile alichofanya mwandishi wa kikaratasi. Kinachoifanya picha ya Karatu iwe tofauti na picha ya Roma ni kwamba wa Karatu anaweza kuuliza. Wazee wapo Arusha, wapo Momella, wapo Mto wa Mbu. Mkusanyaji wa Roma hana namba zao.

Na namna ya kuuliza ina adabu yake. Ichapishe kubwa, mzee aone bila kukaza macho. Mpelekee nyumbani, salamu kwanza, picha baadaye. Rekodi sauti kwa ruhusa yake. Jina likitajwa, tafuta mtu wa pili athibitishe, maana ukikimbilia kuuliza mtandaoni, post moja italeta babu kumi na wawili. Kisha liandike nyuma kwa penseli laini, pembeni, siyo kwa peni. Selotepu na laminesheni usiziguse kabisa.

Mshikaji kaanza. Mwezi uliopita aliipeleka picha kwa mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi mashambani upande wa Meru. Mzee hakumwangalia staa hata kidogo. Aliangalia mikono ya yule bwana, jinsi alivyoizungusha kamba, akacheka, akasema huyo anamfahamu. Jina kamili hakulikumbuka, alikumbuka la utani tu na kijiji alichotoka. Siyo jibu kamili, na bado halijathibitishwa. Lakini tayari ni zaidi ya alichoandika mtu wa kampuni mwaka ule.

Wanaomcheka waendelee, hela ni yake. Ila kabla hujacheka, nenda kwa bibi, fungua lile sanduku la picha, geuza moja uone nyuma. Kama hapajaandikwa kitu, muulize leo. Kesho utakuwa unawauliza majirani.