Povu Jeupe Juu ya Asali



Asubuhi moja sokoni Tabora niliyakuta mabishano makali baina ya mama mmoja na mzee mwuza asali aliyetoka Sikonge kwa baiskeli. Asali yenyewe ilikuwa ya hudhurungi iliyokolea, lakini juu yake limetanda povu jeupe. "Mzee wangu, hapa umetia sabuni," alisema mama. "La, mwanangu, nimeichuja jana tu," alijibu mzee. Mama akaenda zake bila kununua.

Je, asali ya hudhurungi yawezaje kutoa povu jeupe pasipo kutiwa kitu?

Jibu limo katika mwanga. Mwanga wa jua, ingawa twauona mweupe, ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Isaac Newton wa Uingereza alilithibitisha hilo katika karne ya 17. Mwanga unapopenya asali nyingi iliyomo chupani, baadhi ya rangi zake humezwa, na zinazosalia ndizo hutupa hudhurungi tuionayo. Povu, hata hivyo, ni viputo vingi vya hewa vilivyotengwa na kuta nyembamba mno za asali. Humo mwanga haukuti asali ya kutosha kuzimeza rangi. Kila ukutanapo na ukuta wa kiputo, sehemu yake hurudishwa na sehemu hupita kwa kupinda. Hurushwa huku na huku, kisha hutoka nje ukiwa na rangi zake karibu zote. Na rangi zote pamoja ni weupe.

Mfano mwingine upo katika historia yetu. Katika karne ya 19 misafara iliyopita Tabora kati ya Bagamoyo na Ujiji iliijua vema chumvi ya Uvinza. Punje kubwa ya chumvi safi hupitisha mwanga kama kioo. Itwange, nayo huwa unga mweupe! Hakuna aliyeipaka rangi. Nyuso za kurudisha mwanga zimeongezeka tu.

Basi asali inapokamuliwa, kuchujwa na kumiminwa, hewa huingia, na viputo hupanda polepole pamoja na chembe za nta. Chota povu kwa kijiko uliache mpaka kesho yake. Viputo vikishapasuka, rangi ya asali hurejea. La kuhadhari ni povu lisilokoma siku baada ya siku, lenye harufu ya uchachu. Hiyo ni dalili kwamba asali ina maji mengi na imeanza kuchacha.

Mimi nilinunua chupa moja kwa mzee yule. Kesho yake kijikoni palibaki tone la hudhurungi na chembe chache za nta. Nilimkumbuka akifunga chupa zake kwenye baiskeli, ameitwa mdanganyifu mbele ya watu kwa sababu ya hewa.

Kwaheri hadi Jumapili ijayo.